Lynx kwenye laptopu chakavu: kivinjari cha 1992 kwa bando la leo

Zipo laptopu Mtwara na Lindi zilizosukumwa uvunguni kwa kosa moja tu: haziwezi tena kufungua tovuti. Ukiwasha Firefox feni inavuma, mshale unaganda, na bando la asubuhi linakata kabla ukurasa wa pili haujatokea. Mashine hizo hazijafa. Kama kazi yako kubwa ni kusoma, Lynx inaweza kuzirudisha mezani. Ni ya bure, ni nyepesi, na kwa mtu wa Nanyamba au Liwale anayenunua intaneti kwa MB, hatujaona kivinjari kinachoishinda kwa kubana matumizi. Ila ina tabia zake, na asiyezijua ataiacha siku ya kwanza.

Lynx ilianza 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mikononi mwa Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac, kabla ya Netscape na kabla ya Internet Explorer. Ndiyo kongwe kuliko vivinjari vyote ambavyo bado vinatunzwa. Huonyesha maandishi matupu: hakuna picha, hakuna video, hakuna mapambo ya mwenye tovuti. Hapo ndipo ilipo akiba. Ukurasa wa habari wa siku hizi mara nyingi unazidi MB 2, na sehemu kubwa ya uzito huo ni picha, matangazo na vijiprogramu vya kumfuatilia msomaji. Maandishi yenyewe ni makumi ya KB. Lynx haivibani vitu hivyo. Haiviombi kabisa, kwa hiyo havigusi bando lako.

Anza na intaneti. Ichukue kwenye simu kwa waya wa USB, usihangaike na hotspoti, kwa sababu kadi za Wi-Fi za laptopu nyingi za zamani hudai faili za ziada ndipo zifanye kazi, ilhali waya hutambulika wenyewe. Chomeka simu, washa kushiriki intaneti kwa USB, andika "ip a" uone jina la kifaa kilichoongezeka, ambalo huwa usb0 au jina linaloanza na "en", kisha andika haya, ukiweka jina ulilolikuta mahali pa usb0:

sudo dhclient usb0
sudo apt update
sudo apt install lynx

Hiyo ni kwa Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za mfumo wa Linux; matoleo yao mapya huenda yasiwe na dhclient. Mashine ya biti 32 iwekee Debian 12, kwa kuwa Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Usiweke mazingira ya madirisha. Skrini nyeusi yenye maandishi inatosha, na RAM ya MB 512 itabaki na nafasi ya kutosha. Kumbuka tu kwamba simu iliyochomekwa inanyonya chaji ya laptopu, na betri ya mashine ya miaka hiyo haina cha kugawa.

Kufungua ukurasa ni kuandika "lynx" na anwani, kwa mfano "lynx https://sw.wikipedia.org". Panya haihitajiki. Kishale cha chini na cha juu hukupeleka kwenye kiungo kinachofuata au kilichopita, cha kulia hukifungua, cha kushoto hukurudisha ulikotoka. Kitufe cha nafasi hushusha ukurasa skrini nzima, b huupandisha. Ukibonyeza g unaandika anwani mpya, na ukiwa hapo kishale cha juu kinakuletea anwani ulizoandika mwanzo. G kubwa inarekebisha anwani ya ukurasa uliopo, jambo linalookoa muda unapotaka kubadilisha namba moja mwishoni mwa anwani ndefu. Alama ya / hutafuta neno ndani ya ukurasa, n hulitafuta tena mbele. Hayo yakishaingia vidoleni, siku mbili zinatosha, utasoma haraka kuliko mwenye panya.

Mtandao ukizubaa, bonyeza z kusimamisha ukurasa unaopakia. Wengi kwa mazoea hubonyeza Ctrl na C, na Lynx nzima inafunga pamoja na kurasa zote ulizokuwa umeshazilipia kwa bando. Kurasa hizo Lynx huzihifadhi kwenye RAM, kwa kawaida 10 za mwisho, ndiyo maana kurudi nyuma hakuli data. Ukianza kwa "lynx -cache=40" itashika 40, nasi tunashauri hivyo kwa yeyote mwenye RAM ya GB 1. Usizoee Ctrl na R bila sababu, kwani hiyo inauvuta ukurasa upya mtandaoni.

Mtego unaowachosha wanaoanza ni visanduku vya kuandikia. Tovuti nyingi huweka kisanduku cha kutafuta juu kabisa, na kishale kikifika hapo, kila unachobonyeza kinaingia ndani yake. Unabonyeza g ili uende kwingine, kisandukuni inatokea "g". Unabonyeza q ili utoke, inaandikwa "q". Mtu anadhani programu imeganda. Bonyeza Tab au kishale cha chini utoke kisandukuni, vitufe vitarudi kazini. Dawa ya kudumu ni kuanza kwa "lynx -tna": hapo kisanduku hakipokei maandishi mpaka ubonyeze Enter juu yake.

Tabia ya pili ni maswali ya vidakuzi (cookies), yaani vijidata ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta yako ili ikukumbuke. Kila tovuti inayotaka kuacha kidakuzi, Lynx inasimama na kuuliza chini ya skrini: "Allow? (Y/N/Always/neVer)". Bonyeza A kwa tovuti unayohitaji kuingia kwa akaunti, V kwa nyingine zote, na haitakuuliza tena kuhusu tovuti hiyo kwa kikao hicho. Usibonyeze Y au N, maana utajibu swali lilelile mara kumi. Inapendeza kujua kwamba Lou Montulli, yuleyule aliyeshiriki kuiunda Lynx, ndiye aliyebuni vidakuzi alipokwenda Netscape 1994.

Halafu kuna suala la ng'. Kwenye tovuti za Kiswahili ambazo hazikutaja aina ya herufi zake, neno ng'ombe hutokea na "ng", kisha "â" na takataka nyingine, ndipo "ombe". Kosa ni la kile kialama: kama mwandishi ametumia kilichopinda, kimehifadhiwa kwa baiti 3 za UTF-8, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi, na Lynx isipoambiwa hivyo huzisoma kama herufi 3 za mfumo wa zamani wa Ulaya Magharibi. Bonyeza o, tafuta "Assumed document character set", chagua utf-8. Ukiwa humohumo, kwenye "User mode" chagua Advanced ili anwani ya kila kiungo ionekane chini kabla hujakifungua. Weka alama kwenye "Save options to disk", kisha "Accept Changes". Usipoweka alama hiyo, kesho utaanza upya.

Sasa tatizo linalotupa watu wengi, na ambalo si la Lynx hata kidogo. Unafungua tovuti ya kuaminika kabisa, unapokewa na ujumbe unaoanza na "SSL error" na kuuliza kama uendelee. Unajaribu tovuti nyingine, yaleyale. Kabla ya kulaumu chochote, andika "date". Laptopu iliyolala uvunguni miaka kadhaa mara nyingi itakujibu kwamba leo ni Januari ya mwaka uliopita zamani. Cheti cha usalama cha kila tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko 2009 inaona cheti cha mwaka huu hakijaanza kutumika, na inakikataa kwa haki. Rekebisha kwa mkono, ukiweka tarehe na saa ya siku hiyo:

sudo date -s "2025-10-20 08:30"

Tovuti zitafunguka papo hapo. Ila ukizima mashine na kuchomoa chaji, saa itarudi kulekule, kwa sababu betri ndogo inayoilisha imekufa. Mara nyingi ni betri bapa ya duara aina ya CR2032, ya volti 3. Kwenye kompyuta ya mezani imekaa kwenye kikombe chake juu ya bodi; kibane kikisukumwa pembeni kwa kucha, inaruka yenyewe, na upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu. Kwenye laptopu nyingi imefungwa ndani ya plastiki ikiwa na nyaya mbili na plagi ndogo, kwa hiyo peleka kwa fundi na mwambie akupe yenye waya, asikuungie kwa risasi ya moto juu ya betri tupu. Joto la hivyo huiharibu.

Kama tarehe ni sahihi na ujumbe unaendelea, orodha ya vyeti imezeeka. Weka upya kifurushi cha "ca-certificates" kwa apt. Ukiona "Unable to make secure connection to remote host", huenda Lynx yenyewe ni ya kale na haijui usimbaji wa sasa. Sakinisha toleo jipya. Tunasisitiza jambo moja: usizoee kujibu y ili upite, hasa mahali panapodai nywila. Onyo hilohilo ndilo lingekujulisha siku kuna mtu amejiweka kati yako na tovuti.

Lynx haiendeshi JavaScript, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi ndani ya ukurasa, na hapo ndipo inaposhindwa kabisa. Tovuti iliyojengwa nzima kwa JavaScript itakuonyesha ukurasa mtupu au sentensi moja ikikutaka uiwashe. Mifumo mingi ya maombi ya kazi, mikopo na malipo iko hivyo. Usipoteze jioni ukiilazimisha. Kazi hiyo ipeleke kwenye simu janja au kwa mwenye duka la steshenari. Picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti nazo hazijazwi humu. Kwa kutafuta, Google sasa inadai JavaScript, hivyo tumia "https://lite.duckduckgo.com/lite", ambayo ni maandishi tupu na inakaa vizuri sana kwenye Lynx.

Inapong'ara ni kusomea nje ya mtandao. Amri

lynx -dump -nolist -width=72 https://sw.wikipedia.org/wiki/Mkorosho > mkorosho.txt

inavuta makala, inaondoa orodha ya viungo, inapanga mistari ya herufi 72 na kuiweka kwenye faili la KB chache. Hilo unaweza kulichapa, kulituma kwa Bluetooth, au kulisoma Newala kwenye mlima usio na mtandao. Kwa katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayekusanya maelezo ya dawa ya salfa na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ili ayabandike ubaoni, sifa hii peke yake inatosha kuiweka. Ukikuta mwongozo wa PDF, weka kishale juu ya kiungo chake, bonyeza d, chagua kuhifadhi kwenye diski, kisha utoe maandishi kwa pdftotext, iliyomo kwenye kifurushi cha "poppler-utils". PDF iliyotokana na karatasi zilizopigwa picha haitatoa neno hata moja, kwa kuwa ndani yake hamna herufi.

Wasioona wanaotumia programu ya kusoma skrini kwa sauti watanufaika mno: maandishi yanafuatana kwa mpangilio mmoja, bila matangazo ya kurukia njiani. Ila picha isiyopewa maelezo husomwa kwa jina la faili lake, na hilo huchosha masikio.

Kwenye simu ya Android inapatikana kupitia Termux, programu ya kuandikia amri, kwa "pkg install lynx". Inafanya kazi, lakini vishale vya kubonyeza juu ya kioo havina raha ya kibodi, na mistari inakatika vipande vifupi mno. Kwa kusoma tunaipa Lynx alama 9 kati ya 10 kwenye laptopu na 5 kwenye simu. Kwa kujaza fomu tunaipa 3. Ukiiweka leo, bonyeza a kisha d kwenye kila ukurasa utakaourudia ili uingie kwenye alamisho zako. Kesho v itakufungulia orodha hiyo kutoka kwenye diski, na haitagharimu hata KB moja.