Uzoefu wangu: fundi fremu aliyekata mkia wa mbwa mwitu wangu

Nimejizuia kuandika haya kwa muda nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Nachora wanyamapori kwa rangi za maji. Siku si nyingi zilizopita nilimpelekea fundi fremu picha ya mbwa mwitu, kazi niliyoipenda kuliko zote tangu nishike brashi. Wanaowajua wanyama hawa wanajua kwamba hakuna wawili wenye mabaka yanayofanana. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa mabaka hayo hayo. Kwa hiyo yule hakuwa mbwa mwitu yeyote tu. Alikuwa yeye, na masikio yake ya duara na ncha nyeupe ya mkia.

Kwenye ncha hiyo ndipo palipoharibika. Katika rangi za maji weupe hauchorwi. Weupe ni karatasi yenyewe: unaizunguka kwa brashi, unaiacha. Ile ncha ilikuwa karatasi tupu iliyobebwa na kivuli chembamba cha kijivu kwa chini, bluu ya altramarini iliyochanganywa na kahawia ya sienna, ikakauka na chembechembe zake ndani ya vishimo vya karatasi. Ukisogea karibu unaiona. Fundi hakusogea. Picha ilizidi fremu kidogo, basi akachukua kisu akakata ukingo wote wa kulia. Nilipouliza mkia uko wapi, akajibu bila hata kuinua macho: "Dada, pale hapakuwa na kitu."

Hapakuwa na kitu!

Nikageuza fremu. Amepaka gundi ya mbao mgongo mzima wa karatasi na kuibandika kwenye ubao. Karatasi ya pamba hutanuka ikilowa na kusinyaa ikikauka, na sasa mgongo wa mnyama wangu una mawimbi. Picha ya namna hii hushikizwa kwa juu tu, kwa vipande vidogo vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ili siku ikihitajika itoke kwa unyevu kidogo bila kudhurika. Yangu haitoki bila kuchanika. Kioo nacho amekilaza moja kwa moja juu ya rangi, bila ile kadi nene yenye dirisha inayotenganisha kioo na picha. Unyevu ukijikusanya humo, karatasi inaganda kwenye kioo na ukungu unaanza.

Nilimweleza yote haya kwa utulivu. Akacheka. "Ni karatasi na maji tu, dada, si utachora nyingine?" Kauli hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Rangi iliyotiririka kwenye karatasi mbichi na kutulia shingoni mwa mnyama haitiririki vile mara ya pili, hata uchore mpaka uzeeke.

Haki yake nimpe, lakini. Mimi ni mtu wa kazi za mikono: nashona mwenyewe madaftari yangu ya michoro kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, nachonga ndege wa mbao, na kiungo kizuri nakijua nikikigusa. Nilipitisha ukucha kwenye kona zote nne za fremu ile, haukukwama popote. Kila kona ameichomekea kibanzi chembamba cha mbao nyeusi, kimekaa sawasawa. Uzuri wake ulinifanya nipandishe alama kutoka nyota moja hadi tatu. Ukitaka fremu ya kioo cha kujitazamia, au ya picha unayoweza kuchapisha tena, nenda kwake, utafurahi.

Ila kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kujiuliza: jicho linaloona upenyo wa unywele kwenye kona ya mbao lilikosaje kuona mkia? Halikukosa. Hakujali, kwa kuwa mbao ni kazi yake na karatasi ni yangu. Nimeirudisha alama kwenye nyota moja. Mwenye picha ya karatasi asiiache pale, na popote aendapo asiondoke kabla fundi hajakubali mambo matatu: kadi isiyo na asidi, gundi ya mbao isiguse mgongo wa picha, kisu kisiguse ukingo.

Fidia sikudai. Nilimwomba tu kile kipande alichokata. Akaniambia ameshakifagia.