Leba yao iko vizuri, ila sheria za picha na video wangesema mapema

Nimejifungulia hospitali hii juzi juzi tu, na kwa vile watu wengi wanauliza kama wanaruhusu kurekodi mtu akiwa anajifungua basi naandika zaidi kuhusu hilo, mengine napita haraka. Manesi wako poa sana, usafi upo, wodi ya baada ya kujifungua ina kelele kidogo usiku. Nawapa nyota nne, hiyo ya tano ntaeleza imeenda wapi.

Utaratibu wao uko hivi. Wakati wa uchungu mwenzio anaweza kukupiga picha wewe mwenyewe hamna shida, ila mhudumu asitokee sura kama hajakubali, na mama wa upande wa pili wa pazia asionekane wala sauti yake isisikike, maana kuna watu wanasahau kwamba video inabeba na sauti, mwenzako anapiga kelele za uchungu halafu kesho ziko kwenye grupu la ukoo wa watu asiowajua. Kurusha laivu hairuhusiwi kabisa. Ukianza kusukuma video inazimwa, inawashwa tena mtoto akishatoka na mkunga akisema sawa. Na mhudumu yeyote akisema zima unazima hapo hapo, maswali baadaye.

Mi hii ya kuzima wakati wa kusukuma niliiona ngumu mwanzoni, yani si ndo tukio lenyewe jamani? Lakini mwanangu alitoka hajalia. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutoa simu, nesi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "baba, simu mfukoni kwanza, mshike mama mkono," huku mwenzake anamfuta mtoto na kumsugua mgongo. Wale watu wanafanya kazi kwa haraka ya ajabu, kwa sababu mtoto asipopumua hata baada ya kufutwa inabidi aanze kupewa hewa kwa kile kimfuko na kimaski ndani ya dakika ya kwanza, hapo hakuna nafasi ya mtu kuzunguka kitanda anatafuta engo. Akalia. Mkunga akamuweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika, halafu yeye mwenyewe ndo akageuka akasema "haya baba, toa simu sasa, huyu hapa mtu wako." Kwahiyo video yetu inaanzia hapo, na kitovu kukatwa kipo, maana hawakati haraka, wanasubiri angalau dakika moja ipite damu iendelee kuingia kwa mtoto, muda wa kujipanga unapatikana.

Kuna wanaosema hospitali zinakataza video ili kuficha makosa. Hilo siwezi kulikataa moja kwa moja, video za leba zimeshatumika mahakamani kama ushahidi na hospitali zinaogopa kesi, huko Marekani mwaka 2011 kulikuwa na mjadala mkubwa baada ya hospitali moja ya Maryland kukataza kupiga picha na kurekodi wakati wa kujifungua mpaka wahudumu watoe ruhusa. Hospitali ikikataza kwa kuogopa kesi tu mi siiungi mkono, mama ana haki ya kujua alichofanyiwa. Ila hapa nilipouliza nilijibiwa vizuri, na kubwa zaidi simu inazuiwa lakini mtu wako hafukuzwi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake muda wote wa uchungu na kujifungua, na huyo mtu ni wa kukusugua kiuno, kukupa maji, kukuitia nesi, sasa akishika simu muda wote mkono wa kukushika wewe unatoka wapi?

Sasa nyota iliyopotea. Hizi sheria nimeletewa nikiwa tayari leba! Karatasi nzima imejaa maandishi, nesi ananisubiri nisaini, mi uchungu umepanda hata jina langu silioni vizuri. Kliniki nimehudhuria miezi yote hakuna aliyenigusia. Mtu aliye kwenye uchungu hawezi kukubali wala kukataa kitu kwa akili yake timamu, atasaini chochote ili aachwe apumue, na hilo nawaambia wahusika kwa nia njema kabisa, karatasi hii itolewe kliniki. Mama niliyekutana naye wodini alikuwa ameshalipia mpiga picha, kufika pale anaambiwa anaruhusiwa mtu mmoja tu, achague mpiga picha au mama yake mzazi. Alimchagua mama yake na hela ya watu ikaenda hivyo hivyo. Wa upasuaji nao wajue kabisa, tieta simu haiingii mpaka dokta mwenyewe aridhie, na ikiingia inakaa upande wa kichwani kwa mama, haisogei karibu na vitambaa na vifaa vilivyosafishwa.

Kitu kingine, soma ile karatasi mpaka chini. Karibu na sehemu ya sahihi kuna kistari kinasema hospitali inaweza kutumia picha za mama na mtoto kwenye matangazo na kurasa zake za mitandao. Hicho hakihusiani kabisa na ruhusa ya wewe kupiga picha za mwanao na hulazimiki kukikubali. Mume wangu alikiona, tukakikata kwa kalamu nikasaini pembeni, nesi akapokea bila neno na huduma haikubadilika hata kidogo. Picha ya mtoto mchanga ikishatoka mtandaoni huirudishi, na yeye hajaulizwa.

Kama una mpango wa kwenda iombe hiyo karatasi mapema ukiwa bado kliniki, uisome nyumbani na huyo utakayeingia naye, na kama hutaki kupigwa picha kabisa waambie pia, wanaandika kwenye faili lako.