Geji ya saa na shimu za difu: nimezijaribu kwenye Hilux

Wadau, karibuni. Hili hapa mezani ni difu la Hilux, ule mkusanyiko wa meno unaogawa nguvu kwenye magurudumu, lile la inchi 8, lililokuwa linavuma kila ukikanyaga mafuta. Mwenyewe alishabadilishiwa beringi mara mbili, mvumo uko palepale.

Tuanze na geji ya saa, kipimo cha mshale kinachosoma mchezo mdogo sana, hii yenye stendi ya sumaku. Toyota wanataka baklashi, yaani ule mchezo wa krauni (gia kubwa ya difu) pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ikiwa imeshikwa, iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18. Karatasi ya printa ni kama 0.1. Sasa fundi anayetikisa kwa mkono na kusema "hapa safi" amesikia nini? Msinicheke, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Sumaku naibandika kwenye kesi. Ncha ya geji inagusa jino pembeni kabisa mwa krauni, ikielekea upande ule jino linakosogea ukitikisa, isilale. Flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, nimeibana. Natikisa krauni... mnaona? 0.22. Imezidi. Nalegeza nati ya beringi ya krauni upande wa meno, nakaza ya upande wa mgongo wa krauni kiasi kilekile, mbano wa beringi usibadilike. Tena: 0.15. Zungusha, pima sehemu tatu. Zikitofautiana sana, fungua uangalie nyuma ya krauni, huenda kuna uchafu au imekaa upande.

Mshale umerudi sifuri kila mara, hapo naisifu. Ila stendi! Kifundo ukikikaza kwa vidole, mkono wa stendi unashuka wenyewe taratibu na kipimo kinakudanganya. Nimekaza kwa plaizi. Na kama kesi ya difu lako ni ya aluminiamu, sumaku haishiki, tafuta namna ya kuifunga kwa bolti.

Shimu sasa, hivi visahani vyembamba vya chuma. Hapa wengi wanachanganya. Kwenye difu hili baklashi unaiweka kwa nati. Shimu ya pinioni kazi yake ni kina. Ukiweka nene, pinioni inazama kuelekea katikati ya krauni. Paka meno rangi, zungusha mbele na nyuma: alama ikiwa imebanwa mzizini mwa jino, shimu ni nene mno, ikikaa kileleni, ni nyembamba. Na kila ukibadilisha shimu, baklashi unaipima upya, hakuna njia ya mkato.

Pakiti hii ya shimu nimeipitisha kwenye maikromita, kifaa cha kupima unene. Mbili zilizoandikwa unene mmoja zimepishana 0.02. Kwa hiyo geji nunua, stendi utabadilisha mbele ya safari. Shimu hizi, kama huna maikromita, ziache dukani.