Jicho la mama limepona, lakini vipimo vya labo vilitumaliza (Bukavu)

Mwezi uliopita nilimupeleka mama kupasuliwa mtoto wa jicho, kliniki moja hapa Bukavu, jina nitaacha. Operesheni yenyewe naipa kumi kwa kumi: dawa ya ganzi kwa jicho tu, hakulala hata kidogo, alikuwa anamusikia docta anaomba mukasi, na haikufika nusu saa. Kesho yake walipotoa bandeji kitu cha kwanza alisema eti shati yangu ina doa ya mafuta ya mawese. Kweli ilikuwa nayo.

Sasa shida ni mbele ya hapo. Walitutuma labo damu yote, mikojo, picha ya kifua, egzame ya moyo, na mama anatembea Kadutu kupanda kushuka na kikapu kichwani bila kuhema, hana ugonjwa wowote tunajua, na kila karatasi ni dola. Kupima tansio na sukari sawa, kupima jicho ili wajue lenzi gani ya kuweka hiyo ni lazima kabisa. Lakini zingine? Utafiti mukubwa wa Marekani na Kanada, ulitoka 2000, operesheni za mtoto wa jicho zaidi ya 18,000, wenye walipimwa damu na moyo na wenye hawakupimwa walipata matatizo sawasawa.

Kama muzee wako ana shida ya moyo ao anakunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, umuambie docta mapema. Kama hana, uliza kila karatasi ni ya nini mbele ya kulipa. Mimi niliogopa kuuliza.