Lifti ya gari nyumbani: ipi ununue, na uisimamishe wapi

Anayetafuta lifti huanza kwa kuuliza tani ngapi na bei gani. Aanze na futi kamba. Lifti nyingi za nguzo mbili sokoni zinabeba tani 4 hivi, na kwa gereji ya nyumbani hiyo inatosha: IST ina takriban tani moja, Noah moja na nusu, Prado inacheza kwenye mbili na kidogo, hata Land Cruiser 200 ikiwa tupu haifiki tatu. Kinachokwamisha watu ni paa na sakafu.

1. Nguzo mbili, boriti ya juu. Hii ndiyo ningenunua. Waya na mipira ya haidroliki hupita juu, kwa hiyo chini ni sakafu tupu: unasukuma jeki ya giaboksi na kreni ya injini bila kugonga kitu. Kasoro yake ni kimo, kwani nyingi zina mita 3.6 hadi 3.8. Kwa nyumba yenye dari huo ni ugomvi, lakini gereji nyingi za nyumbani kwetu ni banda la mabati uani. Kama banda hujalijenga, kuongeza mita moja ya bomba ni gharama ndogo kuliko kujutia kimo kila siku. Hakikisha tu mvua ya upepo haifiki kwenye mota.

2. Nguzo mbili, bati la sakafuni. Ina kimo cha mita 2.8 au 2.9, na waya hupita chini ya bati linalounganisha nguzo. Inaingia kwenye gereji yenye dari, lakini piga hesabu kwanza. Noah ina kimo cha mita 1.85 hivi, ukiinyanyua mita 1.5, paa lake liko mita 3.35. Dari ya mita 3 ina maana utafanya kazi umeinama. Kwa mwenye IST au Vitz haina shida kubwa.

3. Lifti ya mkasi. Ya mpangaji. Haichimbiwi, nyingine zina magurudumu, na ukihama unaibeba. Hupanda mita moja hivi, inatosha kwa breki, matairi na shokapu. Tatizo ni kwamba chuma chake kinakaa katikati ya gari, palepale unapotaka kushusha giaboksi.

4. Nguzo nne. Nzuri kwa anayetaka kuegesha gari moja juu ya jingine. Gari linasimama kwa matairi yake, hivyo kufungua tairi kunahitaji jeki ya ziada. Inakula nafasi mno.

5. Shimo. Rahisi kuliko zote, na ndiyo maana liko kila mahali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia mle chini ulipo wewe na taa yako. Masika yanalijaza maji. Ukiwa na chaguo jingine, liache. Jeki na stendi nne nzuri ni afadhali.

Sasa sakafu, kwa atakayechagua namba moja au mbili. Watengenezaji wengi hutaka zege lisilopungua sentimita 10, baadhi hutaka 15 au zaidi, lenye nguvu ya C20/25 (daraja la uimara wa zege) na umri wa siku 28. Jamvi la kawaida mara nyingi limemwagwa jembamba kuliko hapo, likafunikwa sakafu ya saruji na mchanga au vigae. Hiyo tabaka ya juu usiihesabu. Toboa tundu dogo upime unene wa zege lenyewe, na fundi akikuambia "hili liko poa" bila kutoboa, mwambie alete drili.

Likiwa jembamba, vunja mkanda mmoja unaopita chini ya nguzo zote mbili, upana wa mita 1.2 au zaidi, kina cha sentimita 30. Suka nondo, mimina zege la 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto), limwagilie maji wiki nzima, kisha subiri siku 28 zitimie. Bolti zikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye ufa au ukingo wa zege, na kama kitabu cha lifti kinataka zaidi, fuata kitabu.

Kuhusu mahali pa kusimamisha, usichore kwa kufuata katikati ya chumba. Ingiza gari lako refu kuliko yote, acha mita moja mbele ya bampa, na zaidi kama kutakuwa na meza ya kazi, fungua milango, kisha weka alama za chaki. Magari yenye injini mbele yana uzito mkubwa mbele, hivyo kitovu cha uzito kiko karibu na kiti cha dereva. Kwenye lifti ambazo nguzo zimegeuzwa pembe kidogo, mikono ya mbele ni mifupi na gari hukaa nyuma zaidi ya nguzo, mlango ukafunguka bila kugonga chuma. Kwa upana, tenga mita 3.5 za lifti yenyewe na nafasi ya kupita mtu kila upande.

Umeme: chagua mota ya fezi moja, kilowati 2.2, isipokuwa una fezi tatu tayari. Ivutie waya wake kutoka kwenye switchi kuu. Na ujue hili kabla ya kununua: gari likishalazwa kwenye kufuli, yaani vizuizi vya usalama ndani ya nguzo, kulishusha kunahitaji kwanza kulipandisha kidogo ili kufuli zifunguke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, gari la mteja linabaki juu mpaka urudi, au mpaka uwashe jenereta inayomudu kuianzisha mota hiyo.

Ukinunua iliyotumika, kagua waya kama zina nyuzi zilizokatika, mipira kama imepasuka, na kufuli za nguzo zote mbili kama zinalia pamoja. Kibao cha uzito kikiwa kimeng'olewa, ondoka.