Miezi minane na dishi la setilaiti kijijini: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuhariri rekodi za sauti. Wateja wako mjini, mimi niko kijijini, na kila kitu kinapita kwenye intaneti. Kabla ya dishi hili la intaneti ya setilaiti nilikuwa namaliza kuhariri usiku, naiweka kompyuta dirishani upande wa mnara wa simu, naanza kupakia faili kwenda kwa mteja, nalala. Asubuhi nakuta imekwama kwenye asilimia 83.

Mnara tunao, na kwenye ramani za mtandao eneo letu limepakwa rangi kama mengine. Lakini uko nyuma ya kilima, na simu ikionyesha 4G ujue ni hapo uliposimama tu. Ukiingia ndani inapotea. Rangi ya ramani haikunisaidia kurudisha faili hata moja kwa wakati.

Niliwahi kujaribu setilaiti ya aina ya zamani, ile inayokaa mahali pamoja angani, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupakua, yaani kuvuta vitu kutoka mtandaoni, haikuwa mbaya. Tatizo ni umbali: swali lako lipande, lishuke, jibu nalo lipande na kushuka, tayari nusu sekunde imekwenda. Nikiongea na dada yangu kwa video, anauliza, kimya, nadhani hajanisikia, narudia, na jibu lake la kwanza linaangukia katikati ya maneno yangu. Tukaishia kuandikiana ujumbe tu.

Ninayotumia sasa ni ya setilaiti zinazozunguka chini, yapata kilomita 550 kutoka ardhini. Kwangu ucheleweshaji, yaani muda wa swali kwenda na jibu kurudi, huwa milisekunde 40 hadi 60, haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Siku ya kwanza niliongea na dada dakika arobaini bila hata mmoja wetu kusema “hebu rudia”. Hilo tu lilitosha kunishawishi.

Kasi ya kupakua mchana ni megabiti 100 kwa sekunde au zaidi, na tafadhali usichanganye megabiti na megabaiti: gawanya kwa nane, utabaki na megabaiti 12 na nusu. Ila kilichoniokoa mimi ni kupakia. Napata megabiti 10 hadi 15, na faili la megabaiti 600 linaondoka kwa dakika tano hadi nane. Watoa huduma wote wanatangaza kupakua kwa maandishi makubwa. Kama unafundisha kwa video, unatuma picha za kitabibu au unafanya kazi kama yangu, ulizia kupakia kwanza.

Wiki mbili za mwanzo zilinitesa. Kila baada ya dakika chache mtandao ulikatika sekunde mbili tatu, kisha unarudi. Nilibadilisha nyaya, nikawasha na kuzima ruta, wapi! Kumbe ni mti. Setilaiti hizi hazitulii, moja inapita na kumwachia nyingine, kwa hiyo dishi linahitaji anga pana, na kila setilaiti iliyopita nyuma ya matawi ilinikatia mazungumzo. Tulichimbia bomba la chuma la mita nne, dishi likapanda juu, kukatika kukaisha. Programu ya simu ina sehemu ya kukagua vizuizi angani kabla hujafunga. Itumie, mimi niliiruka.

Umeme ndio jambo ninalotaka watu walifikirie sana. Dishi na ruta yake vinakula wati 50 hadi 75. Ukiacha vikiwaka mchana na usiku, ni takriban uniti moja na nusu kwa siku. Ruta ya kawaida ya 4G haifikii hata robo yake. Sola yangu ndogo ya taa na kuchaji simu ilizidiwa siku ya pili. Nikaongeza paneli na betri, na usiku wa manane nazima kila kitu. Gharama hiyo haimo kwenye tangazo lolote.

Mvua ya kawaida haina neno. Ikija ile nzito yenye wingu jeusi, mtandao unapotea dakika kadhaa. Jioni, watu wengi wakiingia, kasi inashuka hadi nusu. Ninachowalaumu watoa huduma wangu ni msaada kwa wateja: unapatikana ndani ya programu tu, hakuna namba ya kupiga. Mtandao ukikatika, unaripotia wapi? Nilipanda kilimani kutafuta 4G ili niwaambie kwamba sina mtandao, wakajibu baada ya siku tatu. Kwa watu wanaoishi mbali na kila kitu, hili si dogo hata kidogo.

Sasa wanafunzi wanne wa jirani wanakuja kusomea barazani kwangu mchana, na masomo yao ya video hayakwami. Mkongo wa intaneti, ule wa nyaya za nyuzi za kioo, umeshafika barabara kuu. Siku utakapoingia kijijini nitajiunga siku hiyohiyo, maana hauhitaji kuangalia mawingu, na kupakia kunaweza kuwa sawa na kupakua. Mpaka hapo, dishi linabaki juu ya bomba lake.