Velkro za kubandika kwenye karavani: zilishika vizuri mpaka jua lilipowaka

Kioo cha marehemu mama kimevunjika. Naanza na hilo ili anayesoma ajue hasira hii imetoka wapi.

Nilinunua mikanda ya velkro, ile ya vijino na manyoya yanayong'ang'aniana, yenye gundi nyuma, ile iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inabeba mizigo mizito. Kuta za karavani yetu, nyumba yetu ya safari yenye magurudumu, ni plaiwudi nyembamba iliyofunikwa vinili, plastiki laini yenye maua, na sikutaka kuitoboa kwa skrubu. Wala asiniambie mtu kwamba sikubandika vizuri. Nilifuta ukuta kwa spiriti, nikaacha ukauke, nikakandamiza kila kipande kwa kiganja, nikangoja siku nzima na usiku wake kabla ya kutundika chochote, maana gundi za namna hii huzidi kushika kadiri saa zinavyopita. Wiki za mwanzo nilifurahi kweli. Tulipita barabara mbovu, vyombo vikagongana kabatini, kioo hakikutikisika. Nilizisifia velkro hizi kwa kila aliyeingia humo ndani.

Kisha likaja joto. Siku hiyo tuliegesha juani, tukafunga madirisha, tukaondoka tangu asubuhi. Tuliporudi alasiri na kufungua mlango, hewa iliyotoka ilikuwa ya tanuri. Kipimajoto kilichokuwa kabatini, kivulini, kilisoma nyuzi 52. Ukuta uliopigwa na jua sikuweza kuuegemeza mkono.

Kioo kilikuwa sakafuni, vipande.

Nilikiokota kwa nyuma nikaona jambo lililoniuma zaidi. Velkro yenyewe ilikuwa bado imeshikana, vijino vimeng'ang'ania manyoya, hata kuvitenganisha nilitumia nguvu. Kilichoachia ni gundi. Nilipoigusa pale ukutani ilinata kidoleni, ikavutika nyuzi nyuzi kama ulimbo. Pembeni, kimfuko cha rimoti kilikuwa hakijaanguka bado, ila kilikuwa kimeteremka karibu shibiri moja, nyuma yake mchirizi unaong'aa kama njia ya konokono. Kumbe ilikuwa ikiteleza taratibu mchana kutwa! Gundi ya namna hii, iliyotengenezwa kwa mpira, ikipata joto hulainika, na mzigo ukiendelea kuivuta, inatiririka nao. Kwenye vinili hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kile kilainishi kilichomo ndani ya vinili hupenya polepole na kuilegeza gundi.

Nilirudi dukani na kipande mkononi. Kijana wa kaunta hakukishika hata kukitazama. "Dada, gundi ni gundi. Labda ukuta ulikuwa mchafu." Nikamwuliza inavumilia nyuzi ngapi. Akageuza pakiti, akaipekua, na hapo sote wawili tukaisoma: mstari mmoja chini kabisa, umefichwa na mkunjo wa plastiki, unasema isizidi nyuzi 40. Arobaini! Kwenye chombo kilichofungwa juani hizo zinafika kabla ya adhuhuri. Mbele wameweka uzito kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara. Joto wamelizika chini ya mkunjo. Kijana akasema, "Si imeandikwa?" Akamwita mteja mwingine. Pole hakunipa.

Nilitaka kutoa nyota sifuri. Lakini niseme kweli: vipande viwili vilivyo chini ya kitanda, kule jua lisikofika, vimeshika mpaka leo, na pazia la bafuni halijasogea. Kwa kitu chepesi, mahali penye kivuli, ni bidhaa nzuri. Baadaye nilipata mkanda mwingine wenye gundi ya akriliki, ambayo huvumilia joto kuliko ile ya mpira, nikaubandika ukuta uleule. Umepita kwenye jua kali kuliko la siku ile na kimfuko cha rimoti kiko palepale. Kwa hiyo nyota mbili, labda tatu kwa mtu ambaye karavani yake inalala kivulini.

Hapana. Jana nimesugua gundi iliyobaki ukutani kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, ikatoka, ila na ua la vinili limetoka nayo. Limebaki doa jeupe, kubwa kama kiganja, pale kilipokuwa kioo. Nyota moja.